Kitufe cha U

Shangazi Nkwimba ameandika riwaya
katika kaunta buku nne, kwa kalamu ya bluu,
na bluu ilipoisha, kwa nyekundu ya kusahihishia madaftari.
Alifundisha darasa la nne Pasiansi miaka thelathini na mmoja;
mwandiko wake bado umenyooka
kama mkaguzi yuko mlangoni.

Mpiga chapa ni mimi. Duka langu lipo Kirumba,
kati ya muuza nyavu na kinyozi.
Harufu ya dagaa huingia bila hodi,
inakaa kwenye rimu za karatasi.
"Usiguse neno," aliniambia. "Wewe piga tu.
Ukoo huu umeshaguswa na wengi."

Nikapiga.
Babu wa babu yetu aliyeoa mwanamke wa ziwani:
alimkuta juu ya jiwe akikausha nywele,
wakapata watoto saba,
siku moja kwa hasira akamwita samaki.
Mwanamke akarudi majini.
Unyayo wake tunaonyeshwa hadi leo, nyuma ya vyoo vya shule,
umejaa maji hata kiangazi.
Tangu hapo wa kwetu haolewi ng'ambo.
Ng'ambo ni Sengerema. Unapaona kwa macho.
Usiku taa zao zinawaka kama zetu.

Sura ya tano akaingia Lushinge, fundi redio, wa ng'ambo,
na mwandiko ukalegea, herufi zikaanza kuegemeana.
Huyu namjua. Nyumbani hutajwa kwa kikohozi.
Kikao kilikaa, wakasema unyayo, unyayo,
Shangazi akabaki na redio ya mbao
iliyokamata vizuri matangazo ya vifo tu.

Lakini katika kaunta buku ya tatu wameoana!
Ukurasa wa themanini wananunua kitanda Makoroboi,
wanagombania upande wa ukutani.
Ukurasa wa tisini anamkaangia sato,
anamuunguza, wanamla hivyo hivyo.
Nilisahau chakula cha mchana.
Mtu wa kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa
alisubiri, akasonya, akaenda.

Mia na kumi na mbili, mstari wa mwisho:
*Alfajiri ile, ziwa likiwa limetulia kama uji uliopoa, Lushinge akafa.*
Bila homa. Bila mtumbwi kupinduka.
Hata kwenye karatasi aliyoinunua kwa pensheni yake
Shangazi hakuthubutu kuwavusha zaidi ya hapo.

Sasa, kibodi yangu.
Kitufe cha U kina wazimu tangu mtoto wa kinyozi amwage soda,
wakati mwingine hujipiga chenyewe.
Nasema kitufe. Hakuna aliyeniuliza kuhusu kidole.
Nikachapa, nikampelekea Nyakato karatasi zikiwa na moto.

Akasoma kwa kidole, kidole kikasimama.
"Lushinge *akafua*."

Nikashika kichwa. Mashine hiyo, Shangazi, nipe nirekebishe,
ni herufi moja tu.
Hakunipa.
Alicheka kicheko nisichowahi kukisikia kwake,
meno ya bandia yakacheza naye.
"Alfajiri yote ile, ziwa limetulia, mwanamume anafua!
Anafua nini, ng'wanawane?"
Sijui.
"Mashuka," akasema. Akanyamaza kidogo.
"Na blauzi yangu ya njano."

Akafungua kalamu nyekundu. Nilijua anakata.
Akaandika pembeni, kama kwenye daftari la mtoto: *Vema.*

Kaunta buku ya nne yote haina kazi tena,
matanga, mashemeji, mgawo wa vyombo.
Amenituma ya tano.
Jana kanipigia simu saa tano usiku, ana shida, anasema,
na si ya pesa:
mashuka yamelowa, mvua inanukia,
waya wa kuanikia ameshaufunga upande wa huku,
ila hajui ncha ya pili
aifunge wapi.