Kengele ya Mfereji

Seminarini Brixen walinifundisha neno moja
kwa majuma matatu: subsidium.
Askari wa akiba, alisema Profesa Gstrein,
waliochutama nyuma ya safu, ngao magotini,
wasiinuke mpaka wa mbele walegee,
na wakiinuka, wasimpokonye mwenzao mkuki.
Nikaandika. Nikaongeza Mgiriki na nyumba yake,
nyumba ikizaa kijiji, kijiji kikizaa mji,
na mji usiwale wazazi wake.
Nikaongeza Tomaso: Mungu mwenyewe, mweza yote,
hakuona haya kuliachia jua
kazi ya kuivisha tofaa.
(Tofaa ni langu. Yeye alisema kwa ufupi.)
Nikapata alama nzuri.

Lakini nililijua neno hilo kabla ya Kilatini,
bonde la Vinschgau, kwenye mfereji wa juu
uletao maji ya barafu mashambani.
Mlinzi alikuwa shangazi Notburga.
Ndani ya maji gurudumu, kwenye gurudumu nyundo,
juu ya nyundo kengele ya ng'ombe, ukingo umepasuka:
ko, ko, ko, usiku kucha.
Alilala nayo. Kilichomwamsha ni kimya.

Hakwenda wilayani. Alichukua taa na sepetu,
akaondoa tawi, akarudi kitandani.
Mwaka mlima ulipoporomoka
alimgongea Kassian, Kassian akamgongea Luis,
kaya kumi na tisa, na jiwe likakataa.
Hapo tu akaandika barua, mistari miwili:
Tumeshindwa na jiwe, leteni baruti.
Maji tutagawana wenyewe.

Wakaleta baruti, na juu ya baruti afisa,
na ramani, na zamu mpya za maji zenye mhuri.
Jiwe likavunjika; yeye hakuondoka.
Shangazi akampa supu, akamsikiliza hadi mwisho,
akamkabidhi kengele: "Basi, lala nayo."
Alilala nayo usiku mmoja.
Ramani aliisahau mezani,
tukawashia jiko.

Hapa darasa langu hucheka, nami huwaacha wacheke
kabla sijawaambia habari za Filomena,
mjane, kaya ya kumi na tisa,
ambaye zamu yake majirani hao hao waliiiba,
miaka minne, kengele ikilia vizuri tu.
Shangazi alijua.
Mji haukuulizwa, nao haukuuliza.

Basi yule aliyechutama nyuma ya safu,
ngao magotini, akingoja,
huamshwa na kimya cha nani?