Bila Mkalimani

Wa kwanza alikuwa Ganjoni, ghorofa ya pili.
Alinisemesha uso ukiwa dirishani,
mdomo wake nusu, nusu masharubu.
Nikaandika kwenye karatasi: mimi ni kiziwi.
Akajibu kwa herufi kubwa, kama mtu apigaye kelele:
NJOO NA MTU WAKO.

Mtu wangu ni Mejumaa, dada yangu.
Ndiye aliyejifunza ishara tukiwa wadogo Kisauni,
taa ikizimwa tunachorana maneno viganjani,
mama akidhani tumelala.
Ndiye niliyemwibia bangili,
mbili, za dhahabu, za mahari yake,
nikaziuza Mwembe Tayari kwa bei ya unga wa siku tatu.
Hadi leo anamlaumu kijana wa mkokoteni wa maji.

Basi nikiri vipi
kwa mikono ya niliyemwibia?

Kwa wa pili nilikwenda naye.
Nilisema: silali.
Mejumaa akafungua kinywa, akakaa nacho wazi
muda mrefu kuliko ishara yangu.
Sijui aliongeza nini.
Daktari akamtazama yeye. Akamwandikia yeye.

Wa tatu akaniwekea viganja kichwani, akaombea masikio.
Sikuwa nimemletea masikio.

Maskani hawakutaka mkalimani.
Waliniita bubu, naliona neno midomoni mwao,
kisha wakanisogeza nikae.
Noti ya mia haina lafudhi.
Na usiku arosto ikishika
mifupa hupiga ngoma hata mimi nikaisikia,
vidole vikaingia kigugumizi,
nikiomba maji inatoka nusu ya maji.

Bi Dama Kitsao yuko Mikindani,
nyuma ya fundi wa mapazia.
Kabla ya lolote alihamisha kiti chake
ili mwanga umwangukie mikononi.
Ishara zake zilikwenda polepole,
mguu mtupu kwenye vigae vyenye maji.
Alitaka kusema pole, akasema pilipili.

Nikacheka. Mwezi mzima sikuwa nimecheka.
Nikamshika kidole, nikakirudisha mahali pake,
naye akarudia, pole, pole, hadi ikakaa,
na mimi, teja wa Kisauni,
nikawa mwalimu kwa dakika mbili.

Kisha akauliza tangu lini, akaingoja mikono.
Mikono yangu haina pa kujificha:
ule unaosema ndio uliochomwa,
ukitaka neno utaliona na kovu lake.
Hakuhamisha macho.
Nikamwambia bangili,
gumba na kidole vikizunguka kifundo cha mkono,
mara mbili.
Akarudia kwenye kifundo chake, kuhakikisha.
Nikatikisa kichwa: ndizo.
Hakuniambia nifanye nini.
Alisema Jumatatu, saa nne,
na dozi ya asubuhi nisiikose hata mvua ikinyesha.

Nje, Mejumaa alikuwa amenunua viazi karai,
ukwaju hadi kwenye viwiko.
Amepoteza siku ya kazi kunileta
kwenye mlango aliokatazwa kuingia.
Akauliza kwa mkono mmoja, wenye mafuta:
mmesema nini?

Niliweka yangu mfukoni.
Lori likapita, vumbi likapita, fundi akatoka
kukung'uta pazia la mtu.
Alikuwa bado ananitazama, kiazi kimepoa.

Nikaitoa. Ilikuwa inatetemeka.
Nikaanza na kifundo.