Kifuniko cha Cherehani

Laki tatu na elfu arobaini. Hizo ndizo zote,
miezi saba ya kubeba saruji. Nilizihesabu
mara mbili juu ya godoro, mlango nimeutia komeo,
kama mwizi anayejiibia mwenyewe.

Chumba changu cha Makorora unakijua, Mwanakombo:
kitanda, ndoo, jiko la mchina, na meza
ambayo ukiweka sahani, kikombe kitafute kwao.
Kompyuta ya mnara ningeilaza wapi?
Kifuani?
Basi nikasema iwe ndogo. Ndogo, lakini ikimbie.

Barabara ya Kumi na Mbili, kwa Shekivuli,
kompyuta za maofisi ya Ulaya zimepangwa kama mikate,
zimetumika, zimechoka,
bado zina vibandiko vya benki tusizozijua.
Tulivutana bei mpaka adhana ya alasiri ikatuamua:
laki na nusu.
"Moyo mzima, tumbo zima," akasema, "sura tu hana."
Ganda lake, pana kama sanduku la harusi,
nikamrudishia palepale kwa elfu tano.

Ramu nilipata mbili, si pacha, kijani na buluu,
zikakubali kukaa pamoja
kama wake wenza waliochoka kugombana.
Kadi ya picha ndiyo iliyonitoa jasho.
Ile ninayoiota, bei yake pikipiki.
Hii ni ya kijana wa Chumbageni anayehamia Dodoma,
feni yake moja inakohoa,
elfu tisini, na kandambili zangu mpya juu yake.
Nilirudi peku.

Ikabaki nyumba ya kuiweka.
Kasha jipya laki na ishirini;
mfukoni, baada ya diski, elfu ishirini na tano.

Sasa nafika kwenye kosa, kama ni kosa.
Kile kifuniko cha cherehani ya mama,
cha mbao, chenye mgongo wa kobe,
kilichokaa juu ya kabati lako miaka sita
kikifunika hewa
(cherehani tuliiuza tulipie dawa, Bombo),
nilikuja kukichukua ukiwa Mgandini sokoni.

Mazabodi iliingia kana kwamba ilishonewa.
Ubao mama, ndivyo Shekivuli anavyoliita,
nami nikacheka peke yangu, kisha nikaacha.

Kadi ikagoma. Ilizidi vidole viwili.
Ama nikate kadi, ama nikate mbao.
Usiku ule sikukata kitu. Nilimulika ndani kwa simu
nikaona penseli yake, bado nyeusi:
Mama Rukia, bega 16, deni elfu mbili.
Bi Mtumwa, kiuno 40, asiambiwe.
Wateja wote, na viuno vyao, na madeni yao,
wamelala humo gizani wakingoja gauni.

Asubuhi niliazima msumeno.
Matundu nilitoboa kwa msumari wa moto, arobaini na moja,
maana joto la Machi hapa halihitaji msaada.
Niliwazunguka wote. Mmoja tu nilishindwa kumkwepa:
Mwanak—
sare ya shule, urefu 38.

Iliwaka mara ya tatu. Mara mbili za kwanza
nilikuwa nimesahau waya, usimwambie mtu.
Magari yakakata kona kwenye mvua ya mji nisioujua,
hayakukwama, au yalikwama kidogo tu,
na watoto wa mama mwenye nyumba wakaujaza mlango
wakiniambia nikanyage breki.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya magari.
Ikishawaka dakika ishirini, mbao hupata moto
na chumba chote kinanuka mafuta ya cherehani.
Yale yale. Ya kopo dogo lenye mdomo mrefu
tulilokatazwa kuligusa.

Kipande chenye "ombo" na ile 38 nimekuwekea,
kimo kwenye bahasha ya mshahara.
Njoo Jumamosi unigombeze.
Umeme upo, yuniti kumi na nne.
Kiti ndicho hakuna; utakaa kitandani.
Tutaiwasha, tutanyamaza, tusubiri ipate moto.