Sekunde Nne

Usiku wa tuzo tulijaa kwa Bugumba, hapa Igombe,
wengine juu ya kreti za soda, wengine juu ya wengine,
mbele ya runinga yenye mstari wa kijani
tangu Salu, mwanawe, alipoirushia kandambili.
Visubi vya ziwani viliiwahi ile nuru,
vikamtua mtangazaji mashavuni, kidevuni,
naye akaendelea kutabasamu, hajui
kwamba huku kwetu ameota ndevu.

Limi wa cherehani hakuja kusikiliza majina.
Alikuja kuhesabu marinda.
"Ile imekula mita tisa. Ile zipu imemshinda fundi.
Na yule, mnamwona? Amebanwa kwa pini tupu.
Akikohoa tu, tumekwisha."

Mhoja muuza mkaa akauliza kwa nini wanalia:
wamepewa, au wamenyang'anywa?
Hakujibiwa.

Mimi nilikuwa na langu.
Mwaka juzi, kiangazi, walikuja na magari mawili,
wakatandaza nyaya uani kwangu kama wanaanika dagaa.
Wanataka jiko, wakasema, lenye maisha.
Nikafagia. Wakasema, usifagie.
Nikaisugua sufuria ikang'aa. Wakaipaka masizi upya.
Siku tatu dada wa Dar alikoroga maji matupu,
akilia kwa kitunguu walichomfungia kwenye leso,
na walipoondoka, waliondoka nayo,
namba thelathini na sita, na mfuniko wake,
sikio la kushoto lina kiraka cha fundi wa Kirumba.
"Tutairudisha, mama. Bado kipande kimoja."
Bado.

"Mwigizaji bora wa kike," runinga ikasema,
na vipande vikaanza kupita.
Wa kwanza anakimbia, hatujui anamkimbia nani.
Wa pili anamzaba mumewe kofi
(hapo wanawake wote tuliguna kwa raha).
Wa tatu...
Mayo we! Sufuria yangu!
"Kaa, unatukinga!"
Sikai! Lile sikio! Kile kiraka!
"Nyanzobe, kaa!"
Moshi, mkono, mwiko, sufuria,
kisha uso wa dada, mpana kama ungo,
ukaziba kila kitu.
Sekunde nne. Salu alizihesabu kwa vidole
na mpaka leo hakubali kwamba zilikuwa tatu.

Wakachana bahasha. Akashinda wa kofi.

Ungetusikia! Bugumba alipiga kaunta, chupa zikaruka:
"Wametuibia!"
Wametuibia, akaitikia Mhoja,
ambaye dakika tano nyuma hakujua kama tunashindana.
Kijana wa bodaboda akaapa majaji hawajaiona hiyo filamu.
Kumbe hata sisi hatujaiona.

Mshindi akamshukuru Mungu, mama yake, mdhamini,
mdhamini tena.
Kamera ikapita kwa dada yetu:
anapiga makofi, anacheka meno yote nje,
na macho yake yale yale ya siku ya tatu uani kwangu,
ila safari hii sikuona leso.
Tusi nililomtunzia tangu mwaka juzi
lilikuwa limefika kwenye meno.
Nikalimeza. Nikakaa.

Asubuhi nimekoroga uji kwa sufuria ya kuazima.
Watoto wanapita uani wakiita, "Mama Filamu!"
Mwenye genge amenipa nyanya mbili za nyongeza
na kuniuliza kama nalipwa kila ninapoonyeshwa.
Nimemwambia mambo bado yanashughulikiwa.

Nanyi mlio huko, mtakaokutana nayo,
namba thelathini na sita, nyeusi mgongoni,
iwe inapika pilau ya walioshinda
au chai ya rangi ya walioshindwa,
sisemi mniletee leo.
Iosheni tu.
Na lile sikio la kushoto,
msilisugue sana.