Gurudumu la Tatu

Paja langu la kushoto lina chuma ndani.
Daktari kasema kitabaki hata nitakapokuwa mifupa.
Basi nikaiuza pikipiki
kwa kijana wa Mukuru, akaiwasha bila kuniangalia,
nikausikia mlio wake mpaka kituo cha mafuta,
halafu nikausikia tena, ingawa haukuwepo.

Mke wangu Kalekye akasema:
nunua kitu kinachosimama chenyewe.
Mtu wa miaka hamsini na mbili
hana haja ya kuwa nguzo ya chombo chake.

Magurudumu matatu, nikamwambia bintiye.
Akauliza: kama ni matatu, makanga wake yuko wapi?

Mwalimu Shiundu alinifundishia vumbini
nyuma ya maghala ya Lunga Lunga.
Usukani kama wa skuta, gia kiganjani,
breki mguu wa kulia. Nikashukuru.
Kisha akasema: Musembi, sahau kulala.

Nisahau? Miaka kumi na tisa nimelala kwenye kona
kama mtoto begani kwa mamake.

Mara ya kwanza mwili ulikwenda kushoto,
tuktuk ikaenda mbele, ikaparamia tairi kuukuu.
Mara ya pili nikakata kona kwa kasi ya zamani:
gurudumu la ndani likaacha ardhi,
likazunguka hewani polepole
kama mtu anayefikiri.

Kona ya hii huombwa, akasema Shiundu, haiamriwi.
Omba kabla hujafika.

Na shimo?
Ukiliweka katikati, la mbele linatumbukia.
Ukilikwepa kwa la mbele, la nyuma linatumbukia.
Hapo, akasema, unachagua tu
ni gurudumu lipi utalihuzunisha.

Niseme ukweli, maana nimechoka kuukunja:
miaka ile yote leseni yangu ilikuwa noti ya hamsini
mfukoni mwa koti la kuakisi mwanga.
Iliniruhusu kila mahali.
Kisha likaja lori la mchanga,
na watu wa bima wakaja wodini na kalamu,
wakaomba namba ya leseni,
nami sikuwa na cha kuwakunjia.

Jumanne, saa mbili asubuhi, barabara ya Likoni.
Ubao wa mji mdogo, rangi yake inabanduka,
hospitali imefutika, imebaki herufi H.
Afisa Chelagat akanipa kigari cha mbao.
Afande, hiki kina manne. Changu kina matatu.
Hiki ndicho cha mtihani. Nitoe hospitali, nipeleke sokoni.

Nikamtoa. Nikampeleka.
Lakini kwenye mzunguko mkono wangu
ulikilaza kigari ubavu, bila kuniuliza.
Akanitazama juu ya miwani.
Ulikuwa bodaboda?
Nilikuwa.
Akaandika kitu kirefu kuliko neno "amepita,"
nami nikasimama pale nikihesabu mwendo wa kalamu.

Alikuwa ameandika nimepita. Na chini yake: *apunguze kona*.

Sasa nina picha yangu ndani ya simu,
uso wa mtu aliyeambiwa asicheke.
Polisi wa Donholm aliponisimamisha nilimwonyesha,
akaitazama muda mrefu, kama anayesoma barua ya msiba,
akanirudishia.

Mvua ikinyesha sivai tena nailoni kichwani.
Nabeba mitungi ya gesi, godoro lililokunjwa,
watoto watatu wa shule wanaogombania dirisha lisilo kioo.
Vijana wa magurudumu mawili wananipita kulia na kushoto,
wanalala, wanainuka, wanalala.
Siwaonei wivu. Naam, nawaonea.

Juzi, kona ya kuingia Greenspan,
nilikuwa na mama mmoja na trei mbili za mayai mapajani.
Nilipunguza. Niliomba. Hata hivyo bega likainama,
likaiacha tuktuk imesimama wima peke yake.

Mwanangu, akasema, unaumwa na ubavu?
Hapana, mama. Kuna mtu namsalimu.

Akachungulia nje. Hakuona mtu.
Mayai yote yalifika.