Mipira Mia Mbili

Niliihesabu mimi. Kila alfajiri,
kabla wageni wa hoteli hawajaamka,
mipira mia mbili ndani ya ndoo ya rangi,
na Mbodze, miaka kumi na minne,
akiirusha mmoja mmoja juu, akiupiga
kama anayetaka kuibandua anga ya Malindi.

Baba yake ni mgema kule Msabaha.
Methali twaijua sote:
mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Mimi nilimsifu binti wa mgema
naye hakutia maji.
Aliongeza mipira hamsini.

"Bega linanikeketa, kocha," alisema Januari.
Nikamjibu: misuli hiyo, inakua.
Februari akaacha kujisuka nywele.
Machi, kuvaa shati, akaanza kuingiza
ule mkono unaouma kwanza, kama vizee.
Niliyaona. Niliyaona nikayaita uvivu.

Daktari alitembeza kifaa baridi begani,
kiooni ikanyesha mvua ya kijivu.
"Hii ndiyo kano," akasema. "Imevimba,
nyuzi zimeanza kuchanika,
mfano wa kamba inayosuguliwa na ukingo wa kisima.
Kwa siku anapiga mipira mingapi?"

Baba mtu akanigeukia, mwenye hesabu.
Nikasema mia.
Mbodze, macho sakafuni:
"Mia mbili na hamsini."

Mgema hakufoka. Tulipofika barabarani,
akitafuta sarafu mfukoni, ndipo aliponiambia:
"Hata mnazi, mwalimu, una karara tunaloliacha."

Mashindano ya Mombasa yakapita bila sisi.
Sasa kuna mpira wa ndani wa tairi la baiskeli
uliofungwa kwenye nguzo ya wavu.
Anauvuta polepole, kiwiko ubavuni,
mara kumi, apumzike, mara kumi tena,
na akimaliza hulaza begani
barafu ya ukwaju ya Mama Kadii, ya shilingi tano.
Ikianza kulegea huitoboa kwa jino, akainyonya,
fulana imebaki na doa la kahawia lisilotoka.

Anayehesabu ni yeye. Mimi nashika ndoo tupu.

Usiku mwingine nakumbuka bega langu mwenyewe,
enzi nikiokota mipira ya wageni uwanja huuhuu
na kupiga iliyobaki gizani, hakuna wa kuniambia basi.
Mpaka leo kabati la juu hunifungulia mke wangu.

Jana Mbodze alijisuka.
Mistari minne. Wa tano ukamshinda,
mkono ukashuka wenyewe.
Akanitazama, akingoja.

Sikumsifu.