Vidoa Vitatu

Muuguzi alisema paja litauma siku mbili,
usilikande, mwache acheze.
Akakubandikia plasta yenye picha ya nungunungu,
nawe, Zelma, ukalilia kubanduliwa plasta
kuliko ulivyoililia sindano.

Usiku homa ikaja bila kubisha hodi.
Nilikuvua soksi, nikakunywesha maji kijiko kwa kijiko,
kila cha tatu ukinitemea shingoni.
Tramu ya mwisho ya Liepaja ikapita,
vikombe vikagongana kabatini.
Thelathini na nane na nukta mbili.
Nikapima tena,
kana kwamba namba nayo huona haya.

Asubuhi uliamka mzima ukidai uji.

Siku ya tisa, wakati wa kukuogesha,
nikakiona: kidoa kimoja, chekundu, chini ya bega.
Adhuhuri viwili.
Jioni vitatu, na hesabu ikakomea hapo.

Si tetekuwanga yenyewe, ni kivuli chake tu,
ndivyo walivyonijibu zahanati kwenye simu.
Kisha wakauliza: nyumbani kuna mgonjwa?

Ng'ambo ya ua anakaa bibi yako Mirdza.
Dawa ya saratani imemnyoa nywele na nyusi,
imewafukuza walinzi wote wa mwili wake.
Basi vifunikeni, wakasema,
na mtoto akae mbali naye hadi vikauke.

Mbali!
Kutoka mlango hadi mlango ni hatua thelathini na moja,
nimezipima kwenye theluji.

Nikakubeba hadi dirishani, nikampigia.
Alicheka. Akaniambia alipokuwa na miaka saba
mama yake alimpaka dawa ya kijani toka utosi hadi nyayo,
kila lengelenge na tone lake,
wiki mbili akiwa na madoa kama kanga,
akijikuna ukutani mithili ya ng'ombe.
"Huyu wako ana vitatu? Vitatu tu?"
Akakata simu.

Aliporudi kwenye kioo chake
alikuwa amejichora, kwa dawa ileile ya zamani,
matone matatu ya kijani kwenye paji la uso.
Ukapiga kiganja dirishani, ukapiga tena,
kioo kikabaki na alama ya mate na vidole
ambayo mpaka leo sijaifuta.

Vidoa vyako vilikauka siku ya nne.
Vyake viligoma kutoka kwa sabuni,
na Alhamisi akaenda navyo hospitali
kutundikiwa dripu yake.
Daktari akamuuliza, mama, nini hiki?
"Nauguza mjukuu," akajibu,
akakunja mkono wa sweta.